Muziki Uliozimika Harusini Makere

Jamani, sikieni haya.

Leo nimepiga muziki harusini Makere kwa laptop yangu mpya, ile nyepesi ya bei mbaya. Kila kitu chake kiko mtandaoni, hadi nyimbo.

Bibi harusi kafika mlangoni. Nabonyeza.

Kimya.

Mtandao hakuna! Nabonyeza tena, jasho linanitoka, ukumbi mzima unanitazama mimi.

Mara shangazi wa bibi harusi akaanzisha wimbo wa Kiha. Wamama wakaitikia, makofi, vigelegele. Bibi harusi akaingia analia kwa furaha.

Baadaye mama wa bwana harusi kanishika mkono. "Mwanangu, umefanya la maana kuzima muziki."

Nikajibu, "Asante, mama." (Ningesema nini?)

Sasa anataka niende Kibondo, nikapige muziki kwenye harusi ya binti yake. Eti nizime vilevile.

Nishaurini. Nitazimaje kitu ambacho sikukizima?