Mkono wa Bi Fauzia

Mwalimu Hemedi anaweza kusinzia akiwa amesimama. Nimemwona kwa macho yangu, maana chumba changu cha cherehani kimepakana na chake hapa kituo cha sanaa, Ufukoni. Asubuhi anafundisha kupiga picha. Mchana anafundisha kuichonga picha ile ile kwenye ubao, kuupaka wino na kuichapa kwenye karatasi. Zamani alikuwa na studio yake ya picha za pasipoti, simu zikaiua. Sasa ana miaka sitini na mmoja, magoti mabovu, na wanafunzi ambao kila wiki huwarudia neno moja: ubao unageuza. Cha kulia kitatoka kushoto, kwa hiyo geuzeni mchoro kwanza ndipo mchonge.

"Nimechoka, Yasmini," huniambia. "Nimelisema mpaka ulimi umeota sugu."

Nami humjibu aende nyumbani akalale, atakuja kufa na rola ya wino mkononi.

Mwaka huu alijaliwa mwanafunzi mmoja wa kujivunia, Sabra wa kijiji cha Kitaya. Picha ya kwanza aliyoipiga ilikuwa ya bibi yake, Bi Fauzia, akimkabidhi mgeni sahani ya bada, ule ugali wetu wa muhogo. Bibi huyo hakuwahi kupigwa picha nyingine maishani mwake. Haukupita muda akafariki. Mwanawe Salumu, mjomba wa Sabra na msemaji wa familia, akaomba picha hiyo ichapwe nakala arobaini, ili kila ndugu atakayefika kwenye dua ya arobaini aondoke na moja.

Sabra alichora ubaoni, akampelekea mwalimu akague kabla hajashika patasi. Hemedi alikuwa kitini. Akainamisha kichwa, na binti akachukulia kwamba ndiyo. Mimi nilikuwa mlangoni, na wallahi yule mzee alikuwa amefumba macho. Nilicheka, nikarudi kwenye cherehani yangu. Kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Siku kumi na mbili alichonga. Wakati wa kuchapa aliangalia uso tu, maana uso ulitoka Bi Fauzia mwenyewe, mpaka na ndonya yake ya mdomo wa juu. Akazifunga nakala kwenye gazeti, tukasafiri watatu hadi Kitaya.

Dua ilipokwisha, Salumu alizigawa bila kuziangalia. Kisha akaitazama yake.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mama yangu alimpa nani chakula kwa mkono wa kushoto?"

Ubao ulikuwa umegeuza. Mkono huo kwetu una kazi yake, na kumpa mgeni chakula kwa huo ni kumtukana. Sabra akaanza kulia.

"Mtoto hana kosa," Hemedi akasema. "Kukagua ilikuwa kazi yangu. Nisameheni."

Alisimama pale na magoti yake, na mimi nilimwonea huruma kuliko nilivyopata kumwonea mtu. Salumu akapita mkeka kwa mkeka akizikusanya. Zote zilirudi, isipokuwa moja. Bibi Mariamu, mdogo wa marehemu, aliyevuka mto asubuhi ile kwa kivuko cha Kilambo kutoka Msumbiji, alikuwa ameishika yake kwa mikono miwili.

"Hii siitoi," akasema.

"Mama mdogo, imekosewa."

"Wewe ndiye umekosea. Dada alizaliwa wa kushoto. Baba alimfunga mkono ule kwa ukambaa mwaka mzima, mpaka akajifunza kutumia wa kulia mbele za watu. Lakini jikoni, tukiwa wawili tu, alinipakulia kwa huu." Akaugusa kwenye karatasi. "Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu niliyebaki najua."

Akamgeukia Hemedi. "Mwalimu, nani alikwambia?"

Watu wote walimtazama. Ningekuwa mimi, ningesema nimeoteshwa. Heshima yangu ingerudi na Salumu angeniomba radhi. Nilimkonyeza kabisa. Hemedi akapangusa uso kwa kiganja chenye wino.

"Hakuna aliyeniambia, mama," akasema. "Nilisinzia."

Bibi Mariamu akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Kisha akaiweka ile karatasi kifuani, akalia kwa sauti, kilio ambacho, walivyosema waliovuka naye, siku arobaini zote hakuwa amekitoa.