Nafasi ya Nyangeta

Naikumbuka, mwanangu, siku mwalimu mkuu alipofika kwetu Nyamuswa akisukuma baiskeli, huku anacheka peke yake. Binti yangu Nyangeta alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari Musoma. Miaka ile darasa zima lilimaliza la saba akachaguliwa mmoja, na pengine asichaguliwe mtu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikasema hatakwenda.

Usinitazame hivyo, ngoja nikueleze.

Baba yake alikuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba pale Bunda. Walimpeleka Uswisi kujifunza, Nyangeta akiwa bado ananyonya, naye akapata kazi akabaki. Kibali chake hakikumruhusu kutuita. Ilibidi kwanza awe raia, na kule uraia hauombwi kabla hujakaa miaka kumi na miwili. Sasa ilikuwa imetimia. Kwetu hakuna sukari, nguo tunafulia majani ya mpapai. Kwa nini mtoto wangu akale ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, bwenini, wakati mwaka uleule angesoma Ulaya? Ndivyo nilivyojidai. Ujana una kiburi chake.

Baba mkwe wangu, mzee wa maneno machache, akaniita pembeni.

"Mkamwana, huyo mwanangu anasemaga mwaka huu, mwaka huu, tangu mtoto hana meno. Shule imemwita leo. Huko nani amemwita?"

"Baba, tunaondoka karibuni."

"Basi asome akingoja. Kusoma kunazuiaga ndege kuruka?"

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Niliuacha. Nafasi akapewa msichana mwingine.

Mume wangu, kumbe, alikuwa amehamia mji mwingine kufuata kazi, na sheria yao ilitaka mtu awe amekaa miaka kadhaa katika mji uleule utakaompokea. Hesabu ikaanza upya. Ukaja mtihani wa lugha. Kisha wenyeji wa mji wakapiga kura kama anafaa kuwa mwenzao, kisha faili likalala ofisini, hakuna wa kuliamsha. Huku kwetu maduka yakajaa sabuni za kila rangi, na binti yangu anauza dagaa mnadani. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi ndiye niliyengoja, yeye ndiye aliyeumia.

Uraia ulipotoka, niliitwa parokiani kupokea simu. Sauti ya mume wangu ilikuwa chini. Mtoto aliyevuka miaka kumi na minane haendi kwa jina la baba yake, na Nyangeta alikuwa ameshavuka.

Nilifika nyumbani nikamwambia. Hakulia.

"Mama, wewe nenda. Mimi nilishazoeaga kubaki."

Sikwenda. Lakini kubaki kwangu hakukumrudishia hata siku moja ya shule, na neno lile linanichoma mpaka leo.

Mwanangu, nasikia nawe una ombi lako huko Ulaya. Sikwambii ulifute. Nakwambia tu kwamba sheria za watu hubadilika bila wewe kuulizwa, na umri wa mtoto hausimami kusubiri muhuri. Mihogo yako ipande, watoto wako wapeleke shule ya hapahapa, paa linalovuja liezeke. Mlango uliofunguka leo, ingia leo.

Mungu akupe unachokiomba, na asikucheleweshee. Kama kitachelewa, basi kikukute unaishi.