Unga wa Karani

Karani wa Mji hapigi kura barazani. Watu wa mji wetu hawalijui hilo, na ukiwaambia watakucheka. Wanachojua ni kwamba kila tangazo la baraza, liwe la maji kukatwa au vibanda kuvunjwa, lina jina la Kabwe Nsofwa chini yake. Madiwani wanaamua wakiwa wamejifungia, yeye anatia sahihi, na matusi anayabeba peke yake. Kiapo chake kinamkataza kutoa nje yaliyosemwa mle ndani.

Diwani Chipasha ndiye aliyetaka vibanda vya dagaa vivunjwe, tena iwe siri mpaka tingatinga lifike. Kabwe aliwaambia sheria inataka watu watafutiwe kwanza mahali pengine. Chipasha akacheka. "Dada yangu, wewe kazi yako kuandika." Mikono ikainuliwa, habari ikaisha.

Kibanda cha kwanza kuvunjwa kilikuwa cha mama yake mzazi. Angeweza kumtonya, hakumtonya. Mama aliokota dagaa wake matopeni, akasema tu, "Mwanangu, ungeniambia ningehamisha hata mizani."

Mvua zilipokwisha, mama akafa.

Kwetu msiba bila wanawake wa soko si msiba. Ndio wanaopika, ndio wanaolala sakafuni na mfiwa mpaka siku ya kuzika. Kabwe alinunua unga na kuni, akakaa kwenye godoro akiwasubiri. Siku ya kwanza hawakuja. Wafanyakazi wa baraza ndio waliokuja, wakakaa kwenye viti wakichezea simu. Iliuma, jamani. Mama aliyepikia nusu ya misiba ya mji huu, jiko lake mwenyewe baridi.

Kesho yake wakaja, wakiongozwa na Bana Kaluba, yaani mama yake Kaluba, jirani wa mama pale sokoni, na unga wao kichwani. Kabwe akainuka kuwapokea.

"Kaa, Karani," Bana Kaluba akamwambia. "Tumemfuata rafiki yetu."

Hakumwita mwanangu. Wakapika, wakalia kwelikweli, wakalala sebuleni. Chumbani kwa Kabwe hakuingia mtu ila shangazi yake.

Siku ya kuzika gari la Chipasha likaja na magunia ya unga. Wanawake wakapiga magoti, wakampigia diwani makofi ya heshima. Akasimama kando ya jeneza.

"Mama huyu nilimpenda. Vibanda vile viliniuma mno. Lakini sisi madiwani ni watu wa kuchaguliwa tu, kalamu hatuishiki sisi."

Macho yote yakamgeukia Kabwe. Shangazi akamminya mkono. "Mseme, mwanangu. Najua unalo la kusema."

Alikuwa nalo. Lakini kama kiapo kingevunjika leo ili yeye asafike, mbona hakikuvunjika siku ile kwa ajili ya mizani ya mama? Hilo angemjibu nani, na mama yuko ndani ya sanduku? Akasimama, akamshukuru mheshimiwa diwani kwa unga wake. Kuna mwanamke akasonya nyuma yake.

Waliporudi kutoka makaburini wanawake wakafungua magunia ya Chipasha, wakasonga nshima, ugali wa kwetu, watu wakala wakashiba. Unga wa Kabwe ulibaki kwenye kona ya jiko, haujafunguliwa.