Mwani Nao Uzimiwe Taa

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mjukuu wangu. Nilikuwa nimeolewa karibuni, tunalima mpunga jirani na stesheni ya reli, na kona moja ya shamba ilimulikwa na taa ya stesheni usiku kucha. Mpunga wa kona ile ulikuwa wa kijani kuliko wote. Nikamwambia mama mkwe tuombe eneo zaidi huko huko kwenye taa. Akanitazama.

"Majirani wanavuna. Wa kwako una suke hata moja?"

"Bado, mama. Lakini ona ulivyostawi."

"Haya. Mumeo akirudi, mpikie majani."

Akaniambia mpunga ule usipopata giza hautoi suke. Nililitafuta hilo suke mwenyewe, sikuliona.

Nakueleza haya, Rehema, kwa sababu ya lile tangi la samaki wa maji ya chumvi unalotunza dukani. Tajiri wako mtu wa Tanga ameona alete bahari yake Ifakara, hilo ni lake. Lakini samaki wale wanategemea mwani ulio kwenye tangi dogo la chini. Ndio unaosafisha maji yao. Fundi aliyelifunga alikupangia vizuri: jioni taa ya samaki ikizimwa, ya mwani iwake, samaki wasipungukiwe hewa usiku, asubuhi ya mwani izimwe, upumzike. Wewe ukaichomoa taima inayoizima, ikawaka mchana na usiku, eti mwani ukue upesi tajiri akirudi akusifu. Sasa mwani umepauka, unayeyuka, na jana wewe ulikuja unalia kwamba yule samaki wa njano anahemea juu ya maji.

"Bibi, niongeze taa nyingine?"

Taa nyingine! Mgonjwa hajapata usingizi, wewe unamletea ngoma.

Mimi tangi silijui, na shule niliiacha mapema. Maelekezo ya fundi unayo wewe. Basi rudisha taima leo hii, toa mwani uliooza, badilisha maji kidogo kidogo kama ulivyofundishwa, kisha mkono wako ukae mbali na swichi. Kinachokua kina saa zake za kuangaziwa na saa zake za kuachwa; ukizila hizo za pili, umekiua. Na tajiri mwambie wewe, kabla hajajionea.

Mungu akupe subira, mjukuu wangu, na kesho ukifungua duka uwakute wote wanaogelea.