Nilipeleka presha ya jumuiya nzima hospitali kwa jina la mama yangu

Wakuu, heshima kwenu.

Hii sijasimuliwa na mtu. Imenitokea mimi, hapa hapa Sumbawanga, na shahidi amelala chumba cha pili ninapoandika, ingawa kwa sasa hawezi kutoa ushahidi wowote. Nilichobadilisha ni majina tu.

Na wale ambao wakisikia Sumbawanga wanaanza utani wa uchawi, wa radi na ungo, leo naomba mnipishe. Sina nguvu.

Mimi ni fundi simu na kompyuta, nina kibanda karibu na stendi. Mama yangu ni mjane, yuko Laela, analima mahindi na ulezi. Ana presha. Alikuwa anameza kidonge kimoja kila asubuhi, na kila baada ya miezi miwili anapanda basi kuja kliniki huku mjini.

Zamani alikuwa anatembea na daftari. Daftari la kawaida la shule, jalada la bluu, kona moja imeliwa na panya. Nesi wa zahanati ya kwao ndiye aliyekuwa anamwandikia humo kila akipimwa.

Baadaye hospitali ya mjini ikahamia kwenye mfumo. Kila kitu kompyuta. Daftari likawa halina kazi, na mimi kwa ufundi wangu nilifurahi kweli.

Tatizo likawa moja. Kila mama akifika kliniki, presha iko juu. Daktari wake, dada mmoja mpole anayesikiliza watu, alikuwa hajui aamini nini. Je, ndiyo presha yake ya kila siku, au ni uchovu wa basi na woga wa koti jeupe? Siku moja akaniambia, "Kaka, ningejua anakuwaje akiwa nyumbani, ningeamua vizuri."

Hapo fundi nikaamka.

Nikamnunulia mama mashine ya kupimia presha yenye bluetooth. Anavaa mkononi, anabonyeza, namba zinaingia kwenye simu yake, na mimi nikiwa kibandani naziona kwenye simu yangu kupitia app. Nikajaza jina lake, umri wake, uzito wake. Roho yangu ikatulia. Nilijiona mtoto wa maana.

Mashine ile ina kitufe cha kuchagua nani anapimwa. Sikumfundisha. Niliona kitamchanganya bure.

Mwezi wa kwanza namba zikawa zinaingia vizuri. Siku nyingi hakuna, mara moja kwa wiki inaingia moja. Lakini Jumatano, wakuu, zilikuwa zinamiminika. Kumi, kumi na moja, ndani ya saa moja.

Nikampigia kumpongeza. "Mama, leo umejipima mara kumi na moja! Hongera sana."

Mama akacheka. "Leo tulikuwa wengi, baba."

Nikacheka na mimi. Nilijua Jumatano ni siku ya sala za jumuiya, nikadhani ananiambia tu habari za wageni. Nikamuuliza mvua imenyesha, akasema bado, tukaagana.

Sentensi ile naisikia mpaka leo. Tulikuwa wengi.

Siku ya kliniki ikafika. Niliingia na mama chumba cha daktari nikiwa na simu mkononi na karatasi nilizoprinti, zenye grafu za rangi. Mama akapimwa pale pale, presha juu kama kawaida. Daktari akasema alikuwa anafikiria kumwongezea dawa ya pili.

Nikamwambia subiri kwanza, nina data ya nyumbani.

Nikaomba niitume iingie kwenye faili lake. Daktari akatikisa kichwa. "Mfumo wetu haupokei kitu kutoka simu ya mtu. Havijaunganishwa. Na hata vingeunganishwa, mimi naona namba tupu. Sijui imepimwa na mashine gani, mtu alikuwa amekaa au anatoka shambani. Sijui hata ni mkono wa nani."

Niliudhika. Kwa kweli niliudhika. "Mkono wa mama yangu, daktari. Jina si hilo hapo juu?"

Nilimbana. Nikamwonyesha wastani wa miezi miwili, 128 kwa 79. Zile chache zilizoruka juu nilisema ni mkanda haukufungwa vizuri. Nikamwambia huku ndiko dunia ilikokwenda, mgonjwa anajipima mwenyewe, hospitali ndiyo imebaki nyuma. Foleni nje ilikuwa ndefu. Akaangalia karatasi, akamwangalia mama, akaangalia tena karatasi.

Kwenye kompyuta yake kulikuwa na kisanduku kimoja tu cha kuandika maelezo ya ziada. Akachapa humo wastani wangu, tarakimu moja moja. Kisha akasema, "Basi tusimwongezee. Inaonekana nyumbani yuko vizuri. Tuonane baada ya miezi miwili."

Nikajisikia nimeshinda.

Sasa hapa ndipo naomba msome polepole.

Wakati daktari anaandika, mama aliingiza mkono kwenye kapu lake akatoa lile daftari la bluu. Akalishika kwa mikono miwili. "Daktari, samahani, na humu nime..."

Nikamkatisha. "Mama, weka hilo. Siku hizi yote yako kwenye simu."

Akaniangalia kidogo. Akalirudisha kwenye kapu. Njiani kwenda stendi tuliongea habari za mbolea.

Wiki ya tano nikapigiwa simu kutoka Laela. Mama alikuwa anapepeta ulezi uani, ungo ukamponyoka mkono wa kulia, akakaa chini, akajaribu kuita, maneno hayakutoka. Kiharusi. Majirani wakatafuta gari wakamleta mjini.

Amenusurika kufa. Ila upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno hayajarudi. Anatoa sauti tu, halafu analia kwa kuona hatumwelewi.

Siku ya tatu wodini wakaja wanajumuiya wake. Kwa wasiojua, sisi Wakatoliki nyumba za jirani zinaunda jumuiya ndogo, tunasali kila wiki kwa zamu nyumba hii na ile, na mmoja akiugua wote wanasimama. Walikuja saba, na uji wa ulezi kwenye chupa. Wakasali, wakamshika mama miguu.

Wakati wanaondoka, Mama Deo, katibu wao, akanivuta pembeni. "Baba, samahani kuuliza wakati huu. Ile mashine ya jumuiya, utaichukua au tuendelee nayo?"

Nikamuuliza mashine ipi ya jumuiya.

"Si ile ya kupima presha? Mama yako alikuwa anakuja nayo kila Jumatano pamoja na simu. Tukimaliza sala anatupima wote. Alisema mwanawe kamletea, hawezi kukaa na kitu kizuri peke yake. Wenyewe tumezoea kuiita mashine ya jumuiya."

Nilikaa kwenye benchi la korido.

Mimi nilikuwa naita mashine ya mama. Wao wanaita ya jumuiya. Na app haikujua tofauti. Mama Deo mwenye afya kama chuma, mabinti wa kwaya, wazee wa jumuiya, wote waliingia kwa jina la mama, wakaishusha presha yake kwenye karatasi mpaka ikapendeza. Mama wa watu angefanyaje? Watu wamekaa pamoja, kitu cha kuwasaidia kiko kapuni mwake, awanyime? Kwetu hilo haliwezekani. Ningekuwa nimelelewa na mtu mwingine, sawa, nisingejua. Mimi amenilea yeye na bado sikujua.

Kesho yake nilikwenda Laela kumchukulia vitenge. Mashine ilikuwa mezani, chini yake lile daftari la bluu.

Nikalifungua.

Mama aliishia darasa la nne. Lakini kila kipimo, wakuu, kila kimoja, alikiandika kwa penseli na jina la mwenye mkono. Mama Deo 118 kwa 76. Anjela wa kwaya 110 kwa 70. Mzee Kasian 134 kwa 80. Na katikati yao, kila mara, mstari mmoja: Mimi. Mimi 174 kwa 102. Mimi 180 kwa 106. Mimi 178 kwa 110.

Ukurasa wa mwisho kabla ya kliniki ile aliandika: Mimi 182 kwa 110, kichwa kinauma. Nimwonyeshe daktari.

Nilipiga magoti pale chini nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Nililipeleka daftari kwa daktari. Alilisoma lote. Akaniuliza, "Lilikuwa kwenye kapu siku ile?" Nikasema ndiyo. Akalifunga, akasema, "Na mimi nilipaswa kumwacha amalize kusema." Akageukia kompyuta atafute pa kuliingiza. Hapakuwepo.

Nilichojifunza? Kwamba namba isiyotembea na jina la mwenyewe ni hatari kuliko kutokuwa na namba. Wataalamu wa mifumo mliomo humu, mnaotengeneza programu za hospitali na hizi app, kubalianeni kitu kimoja: kipimo kikitoka nyumbani kifike na mkono wake, saa yake na mashine yake, daktari ajue anaamini nini. Mama yangu wa darasa la nne aliliweza hilo kwa penseli. Na nyie wenye wazazi wa presha, mfundisheni mzazi kile kitufe, halafu mwacheni aongee.

Mwenye kujua kama kuna nchi au hospitali wameshalipatia hili jibu aandike hapa chini. Mwenye mzazi aliyepata kiharusi na maneno yakarudi, aandike hata mstari mmoja, nitausoma. Wa kunitukana pia karibu, sitajibu.

Mama Deo nilimwambia waendelee na mashine pamoja na simu ya mama. Jina la mama kwenye app sijalifuta, mkono unakataa.

Kwa hiyo jana Jumatano, wakati namlisha mama uji kwa kijiko, simu ililia. Nikaisoma mbele yake. Ilisema presha ya mama yangu iko vizuri sana leo.