Jina la Mkwe Wangu Kwenye Filamu ya Kisasi

Aibu ninayo na siifichi. Kitengela nzima imeshaisimulia, tena vibaya, wengine wakisema nililia (sikulia, lilikuwa jasho), kwa hiyo acheni niwaeleze mwenyewe jinsi nilivyomfanya mkwe wangu muuaji mbele ya watu waliojaa hadi mlangoni.

Kazi yangu mnaijua. Siku za wiki natengeneza redio na televisheni. Jumamosi mchana nashika maiki katika ukumbi wa video wa Mama Naserian na kuzitafsiri filamu za Kizungu, nikisema maneno ya wote, mwanamume, mwanamke na hata mbwa. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, na sijawahi kutafsiri filamu ambayo sijaitazama kwanza nyumbani, nikiisimamisha kila penye neno gumu. Na kama wafanyavyo watafsiri wote wa kumbi zetu, wahusika nawavua majina yao ya huko na kuwapa ya hapa, maana nani atamlilia mtu ambaye jina lake hawezi kulitamka?

Jumamosi hiyo alikuja Mzee Mutuku kutoka Machakos. Mwanawe anataka kumwoa binti yangu Wambui, na tulikuwa bado hatujaketi kuzungumza mambo ya mahari. Kijana alikuwa ameninong'oneza kwamba babake anasitasita: mtu mzima anayekula kwa kupigia filamu kelele, huyo ni wa kuunga naye undugu? Basi nikamwalika aione kazi yenyewe.

Filamu ilihusu mtu aliyezinduka hospitalini bila kumbukumbu, hata jina lake halijui, mkewe ameuawa na nyumba yake inakaliwa na mwanamume mwingine, naye anaanza kumwinda huyo mwanamume ili alipize kisasi. Nilipomwona Mzee Mutuku ameketi kiti cha mbele, koti limefungwa vifungo vyote kama yuko kortini, nikaamua jambo dogo sana: shujaa ataitwa Mutuku.

"Mimi ni nani?" shujaa alikiuliza kioo.

"Wewe ni Mutuku!" nikanguruma, na ukumbi ukalipuka.

Mkwe aligeuka akatazama watu, akatabasamu. Filamu ilipofika katikati koti lilikuwa wazi, na kila Mutuku wa kwenye skrini aliporusha ngumi, Mutuku wa kwenye kiti alirusha bega. Tuliposimama kidogo watu wanunue soda, akanivuta mkono: "Mkwe, hii kazi iko na heshima."

Hatimaye shujaa akasimama tena mbele ya kioo, skrini ikawa nyeusi. Nikaanza kuwashukuru watu kwa kuja.

Skrini ikawaka tena.

Nakala niliyoitazama nyumbani ilikuwa imekatika hapo, nami nikadhani ndio mwisho, hata nikamsifia mke wangu ustadi wa mwongozaji anayemwachia mtazamaji kufikiri. Sasa kumbukumbu za shujaa zikarudi zote pamoja: ni yeye aliyemnyonga mkewe kwa mikono yake. Yule mwanamume wa nyumbani alikuwa kaka wa marehemu, na mwenye haki ya kisasi alikuwa yeye.

"Hiyo ni ndoto tu!" nikasema.

"Wacha uongo, Fundi! Mutuku ndiye ameua!" watu wakanipigia kelele.

"Mutuku muuaji! Mutuku muuaji!" Wakaimba wakipiga viti. Mkwe hakugeuka. Niliona shingo yake tu, na mikono ikifunga tena koti, kifungo kimoja baada ya kingine.

Ningeweza kuzima mtambo. Sikuzima.

"Huyu si Mutuku! Mutuku wa kweli amefungwa ghalani, huyu ameiba jina lake!"

"Kwani yeye anaitwa nani?" Mama Naserian akauliza kwa sauti, akiwa amekunja mikono.

Kila jina lililonijia, mwenyewe alikuwa ameketi pale. Likabaki moja.

"Njoroge!" nikasema. "Anaitwa Njoroge!"

Njoroge ni mimi. Na mlangoni alikuwa amesimama mke wangu, amekuja kutuita chakula.

"Yaani umeninyonga, Baba Wambui?"

Watu walicheka hadi benchi likavunjika. Lakini kazi sifanyi nusu. Kaka wa marehemu alipotoa bastola nilikitafsiri kifo changu chote, nikaomba msamaha kwa sauti yangu, nikajinyima huo msamaha kwa sauti yake, nikaanguka.

Taa zilipowashwa mkwe akanijia.

"Si ungeniachia tu hiyo maneno? Ni filamu."

"Ulikuja hapa ukiwa Mutuku," nikamwambia. "Ni lazima urudi Machakos ukiwa Mutuku."

Alinitazama, akamtazama mke wangu aliyekuwa bado anajifuta machozi ya kicheko, halafu akafungua koti.

"Twende tukule, Muuaji. Mambo ya watoto tutaongea tukishashiba."

Tuliongea, tukaelewana. Jina nalo limebaki: sokoni ni Muuaji, kanisani ni Muuaji, nami naitika. Nimeapa kwamba sitampa mhusika jina la mtu wangu kabla sijaona orodha ya waigizaji ikipanda hadi mwisho. Maiki lakini siachi, anayeitaka na aje tushindane Jumamosi. Na hata mkinicheka namna gani, nashikilia kwamba filamu ile ilipaswa kuishia pale kwenye kioo.