Bakuli Bichi Mlangoni kwa Jirani
Bibi yangu alipasua bakuli ambalo jirani yetu alilithamini kuliko vyombo vyake vyote. Alichemshia uji ndani yake. Tangu siku hiyo jirani hakumsemesha tena.

Nimeyakumbuka wiki hii, nilipopita Walthamstow, mtaa wa London, nikakuta nyumba ya jirani ina bango la kuuzwa. Nilipokuwa mtoto, sisi tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya pili. Mama alikuwa akitunza wazee majumbani mwao, kwa hiyo nikitoka shule nilishinda kwa jirani, mjane wa Kiingereza. Yeye na marehemu mumewe walikusanya vyombo vya mezani vya Wapueblo, wenyeji wa asili wa New Mexico, Marekani: sahani, vikombe, mabakuli meusi yanayong'aa, vyote vimefinyangwa kwa mkono. Alinipa biskuti kwenye sahani hizo, kisha akazifuta kwa kitambaa kikavu. Kuziosha, hata kidogo; maji yangeziharibu.

Bibi, mfinyanzi wa Usangi huko Upareni, alikuja kukaa nasi miezi kadhaa. Katika London yote, kitu cha kwanza alichokitambua kilikuwa bakuli kubwa la jirani. Akaligonga kwa kidole, akalinusa.

"Ananusa kama paka wangu," jirani akasema.

Nikatafsiri. "Mwambie paka wake hajawahi kufinyanga," Bibi akajibu. Walicheka mpaka wakashikana mikono.

Jirani alipolazwa hospitali alituachia ufunguo tumlishe paka. Bibi akataka kumfanyia wema. Kwetu chungu kipya hunyweshwa uji wa moto ili kisivuje, na hili, kwa macho yake, halikuwa limenyweshwa. Akalibandika kwenye jiko la gesi. Likapasuka katikati.

"Mume wangu alilipakata safari nzima kutoka Marekani," jirani akasema aliporudi, akafunga mlango.

Bibi akachota udongo kando ya mto Lea, akafinyanga lingine, akalisugua kwa kokoto mpaka likang'aa. Pa kulichomea hapakuwepo; mwenye nyumba hakuruhusu moto. "Hata likiwa bichi, ataona mkono wangu," akasema, akaliweka mlangoni kwa jirani. Usiku mvua ikanyesha, na udongo usiochomwa ukilowa hurudi kuwa tope.

Asubuhi kizingiti kilikuwa safi. Hapakuwa na bakuli wala tope.

Bibi alirudi Usangi, na kila nilipompigia simu aliniuliza: alilichukua kabla ya mvua, au alifagia tope? Sasa wote wawili wamekufa, vyombo vimegawanywa, na mimi bado sijui.